Tunda la Mpungate na Namna ya Kulila Bila Kudhurika

Mtu atokaye Malinya, katika Kakamega, penye mvua nyingi, akifika Doldol katika Laikipia atastaajabu kuona nchi kame iliyojaa mpungate. Mmea huo una vipande vipana vya kijani vyenye miiba, na juu yake matunda mekundu au ya zambarau. Yafaa ajue kwamba matunda hayo huliwa, lakini kwa uangalifu.

Asili ya mpungate ni Amerika, na watu wa Meksiko wameula tangu kale. Uliletwa Laikipia wakati wa ukoloni ili uwe ua.

Jambo la kuogopwa zaidi si miiba mikubwa, bali vijimiiba vidogo kama nywele vilivyo juu ya ganda. Basi usilichume tunda kwa mkono mtupu, tumia koleo. Lisugue kwa tita la nyasi, au lipitishe juu ya moto ili vijimiiba viungue. Kisha lioshe, kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu wake, uliambue. Nyama ya ndani ni tamu na yenye maji mengi. Mbegu zake ni ngumu, na mtu azilaye kwa wingi aweza kufunga choo. Kwa hiyo ni afadhali kukamua na kuchuja, upate sharubati, au kupika jamu.

Tena, watoto wafundishwe kutofautisha. Mmea ukivunjwa ukatoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mpungate, bali ni wa jamii ya mnyaa. Usiuonje kamwe. Utomvu huo huchoma ngozi, na ukiingia machoni waweza kupofusha.

Mbuzi hawezi kuambua ganda. Vijimiiba humchoma kinywani hata akashindwa kula malisho. Nyani na tembo hula matunda na kutawanya mbegu, na kila kipande kiangukacho chini huota mizizi. Huko Australia, kufikia mwaka 1925, mpungate ulikuwa umeenea katika eka milioni 60 hivi, ndipo wakaleta nondo kutoka Argentina, ambao mabuu wao waliula. Laikipia nako, katika miaka ya 2010, waliachiliwa wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mpungate.

Basi, ewe msafiri, kula tunda huko huko, na maganda yachome moto. Lakini usibebe kipande ukakipande kwako, kwani ua wa leo waweza kuwa msitu wa miiba kwa wajukuu.