Kuvunjika kwa Magego

Mfupa wa mguu ukivunjika, ukafungwa vema, huunga. Gego halina bahati hiyo. Gamba lake jeupe ni gumu kupita kitu cho chote mwilini, lakini halina uhai wa kujiponya. Likiisha pasuka, limepasuka.

Basi kitu kigumu hivyo huvunjwa na nini? Sisi wa bonde la Kilombero twamjua adui mmoja vizuri, nayo ni changarawe katika wali. Mpunga wa Ifakara mara nyingi hupigwa na kuanikwa juu ya ardhi tupu, na vijiwe huzolewa pamoja na punje. Kwa kuwa wali ni laini, mlaji hutafuna bila hadhari, na nguvu yote ya taya huangukia kijiwe kimoja juu ya gego moja. Gego lenye tundu huvunjika upesi zaidi, maana kuta zake zimekuwa nyembamba, kama nguzo iliyoliwa na mchwa. Wengine huyavunja kwa kusaga meno usingizini, au kwa kupasua mifupa. Na hao wafunguao chupa za soda kwa magego, hatuna la kuwatetea.

Dawa ya changarawe yaanza shambani. Mpunga na upigwe na kuanikwa juu ya turubai au mikeka. Mchele uchaguliwe katika ungo mahali penye mwanga. Kisha utiwe katika sufuria yenye maji mengi, uyumbishwe, na umiminwe polepole pamoja na maji katika chombo cha pili. Mchele hutangulia, mawe, kwa uzito wake, hubaki chini. Fanya hivyo mara mbili tatu, na ile konzi ya mwisho usiionee huruma.

Ufa mdogo hauonekani kwa macho. Dalili yake ni maumivu makali unapouma, au unapoachia, au maji ya baridi yanapoligusa. Likiwahiwa, mganga wa meno aweza kuliziba au kulivika kofia. Ufa ukifika mzizini, hapana ila kung'olewa. Usibandike aspirini ufizini, huunguza nyama. Tafunia upande wa pili, ukaende hospitali.

Tena, wazazi, gego la kwanza la kudumu huota mtoto apatapo miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, pasipo jino lo lote kung'oka. Wengi hudhani litaota jingine. Halioti.