Vikwazo vya Halmashauri za Wilaya Nchini Tanzania katika Kuomba Fedha za Kurejesha Hali Baada ya Maafa

Utangulizi

Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Mwezi Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Katika matukio ya aina hii, uokoaji huvuta macho ya taifa zima, ilhali urejeshaji wa hali huachiwa barua, majedwali na vikao. Makala haya yanafafanua vikwazo vinavyoikabili halmashauri ya wilaya inapoomba fedha za urejeshaji huo. Hoja kuu ni kwamba, mbali na uhaba wa fedha, halmashauri hutakiwa kuthibitisha hasara kwa nyenzo zilezile ambazo maafa huziharibu.

Mgawanyo wa mamlaka

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Katika wilaya, kamati huongozwa na Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mteule wa Rais. Fedha za halmashauri, kwa upande wake, husimamiwa na Mkurugenzi Mtendaji chini ya baraza la madiwani. Kwa hiyo, taarifa ya hasara hukusanywa chini ya mamlaka moja na bajeti hutekelezwa chini ya nyingine; ombi lisipobeba takwimu zinazofanana kutoka pande zote mbili, hurudishwa kwa marekebisho.

Mgawanyo huo unaonekana pia katika umiliki wa miundombinu. Tangu mwaka 2017, barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, na tangu mwaka 2019, huduma ya maji vijijini imekuwa jukumu la RUWASA. Mafuriko yanapovunja daraja na kung'oa mabomba, diwani ndiye anayeulizwa na wananchi, lakini halmashauri haiwezi kuyaombea fedha kama mali yake. Hasara moja ya kijiji kimoja hugawanyika katika maombi matatu au zaidi, kila moja likipita njia yake. Shule inaweza kupata fedha za ukarabati kabla ya barabara ya kuifikia kufunguliwa.

Kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, wakati ambapo makisio ya halmashauri ya mwaka unaofuata yamekwisha kupitishwa na baraza na mwaka unaoendelea unakaribia kufungwa. Halmashauri hubaki na njia ya kuhamisha fedha kutoka vifungu vingine, hatua inayohitaji idhini, au kusubiri mgawo kutoka Serikali Kuu. Mapato ya ndani nayo hayatoi nafasi kubwa, kwa kuwa sheria inaelekeza asilimia 10 yake kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Aidha, maafa hupunguza mapato hayo: soko likifunikwa na tope, ushuru haukusanywi.

Ushahidi wa hasara

Kikwazo kizito zaidi ni ushahidi. Tathmini huanzia kwa mtendaji wa kijiji, anayeorodhesha kaya, nyumba, mashamba na mifugo. Orodha hiyo huhitaji rejesta ya wakazi iliyokuwapo kabla ya tukio. Rejesta ikiwa haijahuishwa, au ikiwa imesombwa pamoja na ofisi, hakuna kigezo cha kutofautisha aliyepoteza nyumba na anayedai kupoteza. Wenye ardhi ya kijiji wasio na hatimiliki ya kimila, na wapangaji wasio na mkataba wa maandishi, huwa wa kwanza kuachwa nje ya orodha.

Uzito wa suala hili huongezeka kwa sababu fedha za umma hutangulizwa kwenye mali ya umma. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mkoani Kagera, Rais John Magufuli aliwaeleza wananchi kwamba Serikali haingemjengea kila mtu nyumba yake, bali ingerejesha miundombinu ya umma. Katika mazingira hayo, kaya isiyoandikwa haina pengine pa kutegemea isipokuwa ndugu na wahisani.

Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba ombi la fedha hushinda au hushindwa kabla ya maafa kutokea. Halmashauri iliyohuisha rejesta za vijiji, ikahifadhi nakala nje ya eneo la hatari, na kukubaliana mapema na TARURA na RUWASA kuhusu fomu moja ya tathmini, huwa na ushahidi mkononi maji yanapopungua. Hatua hizo hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji kutambuliwa kuwa sehemu ya kazi ya kila mwaka ya halmashauri, kwa kuwa gharama ya kuzikosa hulipwa na mwananchi ambaye jina lake halikuandikwa.