Faranga mia kwa siku



Kima cha chini cha mshahara nchini Rwanda kiliwekwa mwaka 1980. Ni faranga 100 kwa siku. Wakati huo dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa faranga zisizofika 93, kwa hiyo kibarua aliyelipwa kima hicho alirudi nyumbani na zaidi ya dola moja. Mwaka 2025 dola hiyo hiyo ilikuwa imevuka faranga 1,400. Faranga 100 ni kama senti saba za dola, nazo hazitoshi kununua hata yai moja. Serikali zimebadilika, katiba zimeandikwa upya, lakini hadi mwaka huo wa 2025 hakuna kima kingine kilichowekwa mahali pa kile cha 1980.

Wengine watasema: mbona hakuna mwajiri anayelipa faranga 100? Ni kweli. Hata nyakabyizi, yule kibarua wa kutwa anayebeba zege Kigali, hupata zaidi ya hapo, na mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Lakini hapo ndipo tatizo lilipo. Kama sheria inataja kiasi ambacho kila mtu anajua ni cha mzaha, basi kwa vitendo sheria haitaji chochote. Mwajiri akitoa faranga elfu moja kwa siku ya saa nane, hakuna mkaguzi wa kazi awezaye kumwambia amevunja kanuni ya mshahara. Chama cha wafanyakazi kikikaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, kinaanza kupanda ngazi kutoka shimoni badala ya kuanzia sakafuni. Na yule asiye na chama, ambaye ndiye wengi wetu, hana hata hiyo meza.

Jambo hili halikusahauliwa kwa bahati mbaya. Sheria ya kazi ya mwaka 2009 ilisema kwamba kima cha chini kitawekwa kwa amri ya waziri mwenye dhamana ya kazi. Sheria ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi yake, ikasema vivyo hivyo. Bunge lilikwisha kutimiza kazi yake mara mbili. Kinachokosekana ni karatasi ya waziri na sahihi yake. CESTRAR, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanza mwaka 1985, limelikumbusha jambo hili mwaka baada ya mwaka katika sherehe za Mei Mosi, na mwaka baada ya mwaka jibu ni kwamba mashauriano yanaendelea.

Ukitaka kuona tofauti ya kipato kwa macho, fika Kagugu, katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Huko ndiko iliko Batsinda. Mwaka 2008 nyumba zipatazo 250 zilijengwa huko kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka katikati ya mji, mahali palipoitwa Kiyovu cy'abakene, yaani Kiyovu ya maskini, kwa sababu ilikuwapo na Kiyovu nyingine ya matajiri juu yake kidogo. Wapangaji wa vyumba, ambao hawakuwa na kiwanja cha kufidiwa, walijitafutia pa kwenda. Ardhi waliyoondolewa kwa haraka ilikaa tupu kwa miaka kadhaa ikingoja wawekezaji.

Sisemi kwamba mji usipangwe. Mji usiopangwa huua watu wake kwa mafuriko na maporomoko, na Kigali imeyaona hayo. Ila mtu aliyekuwa akienda kazini kwa miguu alipohamishiwa Kagugu alianza kulipa nauli kila asubuhi na kila jioni, na mshahara wake haukuongezwa hata sarafu moja kwa ajili ya safari hiyo. Vilima vya jirani, Gacuriro na Nyarutarama, vimejaa nyumba za wenye nacho, na mtumishi wa ndani na mlinzi wa lango hushuka huko asubuhi kutoka katika vyumba vya kupanga. Kima cha chini kingewahusu hao kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sasa tuangalie kodi, maana wengi hudhani kodi ni mambo ya wenye maduka. Tangu Novemba 2023, mshahara wa hadi faranga 60,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Kuanzia 60,001 hadi 100,000 hukatwa asilimia 10, kisha asilimia 20 hadi 200,000, na asilimia 30 kwa kila kinachozidi hapo. Kabla ya sheria ya mwaka 2022 kodi ilianzia juu ya faranga 30,000, kwa hiyo hapo tulipiga hatua na ni haki kusema hivyo. Chukua mfanyakazi wa kiwandani Masoro mwenye mshahara wa faranga 70,000. Kodi yake ni asilimia 10 ya zile 10,000 za juu, yaani faranga 1,000. Mchango wake wa pensheni ulikuwa asilimia 3. Tangu Januari 2025 ni asilimia 6, yaani faranga 4,200, na mwajiri anatoa kiasi kama hicho. Fedha ya pensheni ni yake mwenyewe na ataikuta uzeeni. Lakini tumbo la mwezi huu halijui habari za uzeeni, na makato yaliongezwa bila mshahara kuguswa. Akishika kilichobaki akaenda kununua sabuni, analipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, sawa kabisa na anayoilipa mwenye kiwanda akinunua sabuni ile ile.

Mwenye kiwanda mkubwa ana njia nyingine. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 2021 inampa mwekezaji wa dola milioni 50 au zaidi, katika sekta zilizotajwa kama viwanda na nishati, msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni hadi miaka saba. Kampuni ya kimataifa inayohamishia makao yake Rwanda kwa masharti maalum hulipa asilimia sifuri. Sababu inayotolewa ni kwamba nchi isiyo na bandari wala mafuta lazima ivutie mitaji, na si sababu ya kipuuzi. Lakini tazama jinsi mambo yalivyopangwa: mwekezaji aliahidiwa miaka yake saba kwa maandishi ndani ya sheria, na mfanyakazi aliahidiwa amri ya waziri.

Hapa hatuwezi kukwepa swali la nani anamiliki nini. Chama tawala, RPF, kina kampuni yake. Ilianza mwaka 1995 kwa jina la Tri-Star Investments, na tangu 2009 inaitwa Crystal Ventures. Maziwa ya Inyange, ujenzi wa barabara wa NPD na walinzi wa Intersec vimo katika kundi hilo. Wanaoitetea husema kwamba baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 hapakuwa na mtu wa kuweka fedha yake Rwanda, na kwamba chama kilithubutu pale wengine walipoogopa. Mwaka 1998 Tri-Star iliingia ubia na MTN kuleta simu za mkononi, wakati watu wengi waliona ni upuuzi. Wapo wataalamu wa uchumi wanaoikubali hoja hiyo, na mimi naikubali kwa miaka ile ya mwanzo.

Hata hivyo, miaka thelathini imepita. Chama kinachotunga sheria ya kazi kinapokuwa pia mwajiri wa maelfu ya walinzi na wajenzi, kima cha chini kinakuwa gharama katika hesabu zake chenyewe. Sina ushahidi kwamba amri imecheleweshwa kwa sababu hiyo, na sitasema hivyo. Nasema tu kwamba mtu hawezi kuwa mwamuzi na mchezaji katika mechi moja, na watazamaji wakakaa kimya. Hesabu za kampuni ya namna hiyo zingetangazwa kila mwaka hadharani, mishahara na zabuni zikiwemo, shaka nyingi zingekwisha zenyewe.

Majirani zetu nao wana masomo. Tanzania hutangaza kima cha chini kwa sekta, kwa hiyo cha shambani si sawa na cha mgodini, na amri iliyoanza Januari 2026 ilipandisha kiwango cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4. Wawekezaji hawakufunga virago. Uganda iko kama sisi: kima chake cha shilingi 6,000 kwa mwezi ni cha mwaka 1984. Bunge lao lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini Uganda ina kitu ambacho Rwanda haina: katika Bunge lake wamo wabunge watano wa wafanyakazi. Baraza la Wabunge la Rwanda lina viti 80, na 27 kati yake vimetengwa, 24 vya wanawake, viwili vya vijana na kimoja cha watu wenye ulemavu. Vya wafanyakazi hakuna. Njia ya kutenga viti ipo tayari. Ni kuongeza kundi moja tu.

Kama ningeulizwa kipi kianze, ningesema amri ya mshahara, kwa sababu haihitaji kura wala kubadili katiba. Na iwe kwa sekta, chai peke yake, ujenzi peke yake, kazi za ndani peke yake, na iwe na kifungu cha kuitazama upya kila baada ya miaka mitatu, isije ikageuka tena kuwa sanamu ya faranga 100. Viti vya Bunge vifuate. Takwimu za serikali za mwaka 2025 zinaonyesha umaskini umeshuka kutoka asilimia 39.8 mwaka 2017 hadi 27.4 mwaka 2024. Kama hivyo ndivyo, basi nchi inaweza kulipa zaidi kuliko ilivyoweza mwaka 1980.

Wakati wa kungoja, mweka hazina wa tawi lako na aanze kuandika daftari la mishahara inayolipwa kweli: kazi gani, saa ngapi, faranga ngapi, kilo ngapi. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kwa hiyo daftari hilo laweza kuandikwa hata kwa lugha hii na kupelekwa wizarani.