Saa ya Marehemu Baba na Sekunde Zake Tano

Juma hili tumependa kuzungumza nanyi juu ya saa za zamani za kutiwa ufunguo, zile ambazo wengi wetu tulizikuta katika masanduku ya wazee wetu. Lililotupeleka huko ni kosa tulilolifanya sisi wenyewe, nyumbani mwetu, mbele ya watoto wetu.

Ilikuwa Ramadhani, na umeme ulikuwa umekatika mtaani. Tumekaa jamvini, tende na uji viko mbele yetu, nasi tumeishika saa ya mfukoni aliyotuachia marehemu baba, saa ya Kimarekani aliyoinunua kwa baharia bandarini. Asubuhi yake tulikuwa tumeilinganisha na redio. Akrabu zilipofika mahali pake tukasema, "Bismillahi, futuruni." Tende zilikwisha pita kooni ndipo tuliposikia adhana ya Magharibi, bila kipaza sauti, kutoka msikiti wa jirani. Tulipochungua tukabaini kwamba saa yetu ilikuwa imetangulia kwa dakika nne, na jua lilikuwa bado halijakuchwa. Katika madhehebu yetu, afuturuye akidhani jua limekuchwa, kisha ikabainika halikukuchwa, hulipa siku ile. Basi nyumba nzima ikawa na deni, na sababu ni sisi.

Binti yetu akasema kwa adabu, "Baba, saa hii tuiweke kabatini, tutazame simu." Mama yake hakusema neno usiku ule. Kesho yake aliifunga saa katika kitambaa, akatutia mkononi: "Maalim, ipeleke kwa fundi. Akisema imekufa, tutajua la kufanya."

Fundi, mzee wa makamo ya baba yetu, aliifungua, kisha akaisogeza karibu na dira ndogo. Sindano ya dira ikatikisika. "Maalim," akauliza, "saa hii hulala wapi?" Tukakumbuka kwamba kila usiku tulikuwa tukiiweka juu ya spika ya redio, na ndani ya spika mna sumaku.

Akatueleza. Ndani ya saa ya namna hii mna kamani mbili. Moja ni nene, ndiyo tunayoitia ufunguo, nayo hutoa nguvu. Ya pili ni nyembamba kama unywele, imejiviringa juu ya gurudumu la mizani, nayo hulirudisha gurudumu hilo kila linapozunguka, likawa linakwenda na kurudi. Katika saa kama ile yetu mapigo ni 5 kwa sekunde, ambayo ni mapigo 18,000 kwa saa moja na 432,000 kwa siku. Kamani ndogo ikishikwa na sumaku, mizunguko yake hugandana. Huwa kana kwamba imekatwa ikawa fupi, na gurudumu huenda mbio. Fundi aliiondoa sumaku ile kwa kifaa chake kwa muda mfupi tu.

Kisha akatuonyesha maneno yaliyochongwa ndani, ambayo hatukupata kuyaona kwa miaka yote ile: kwamba saa ile imerekebishwa kwa joto na baridi, na kwa mikao mitano. Hapo ndipo tulipojua tulichoachiwa.

Mikao ni namna saa inavyokaa. Mchana imesimama mfukoni. Usiku imelala mezani, uso juu au uso chini. Kila mkao una uzito na msuguano wake, na saa isiyorekebishwa huweza kukimbia ikilala na kuchelewa ikisimama. Fundi aliyeitengeneza aliijaribu katika kila mkao, akapunguza chembe ya uzito katika skrubu ndogo zilizozunguka gurudumu la mizani, akaijaribu tena, mpaka tofauti ikawa ndogo mno. Joto nalo ni adui: kamani ya chuma hulegea penye joto, na saa huchelewa. Kwa hiyo ukingo wa gurudumu uliundwa kwa pua ndani na shaba nyeupe nje, ukakatwa mahali pawili. Joto likizidi, shaba hutanuka kuliko pua, ukingo hujikunja kuelekea ndani, na mwendo huongezeka kwa kiasi kile kile uliochelewa. Saa hizo zilijaribiwa ndani ya sanduku la barafu, kisha ndani ya tanuri dogo.

Kwa nini taabu yote hiyo? Mwaka 1891, huko Kipton, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, magari mawili ya moshi yaligongana na watu wakafa. Inasimuliwa kwamba saa ya mmoja wa waendeshaji ilisimama kwa muda wa dakika kama nne, kisha ikaendelea, naye hana habari. Baada ya msiba huo, muuza saa mmoja wa mji wa Cleveland, Webb C. Ball, alipewa kazi ya kukagua saa za reli. Kanuni zilizoenea baadaye ziliitaka saa ya mfanyakazi wa reli isizidishe wala isipunguze zaidi ya sekunde 30 kwa juma, katika mikao mitano, katika baridi iliyokaribia barafu na katika joto la kadiri ya nyuzi 38. Tena saa ilikaguliwa mara kwa mara, na hitilafu yake ikaandikwa katika kadi.

Kadi hiyo ndiyo iliyotufunza zaidi. Watu wale hawakudai saa isiyokosea. Walitaka saa ambayo kosa lake ni dogo, ni lile lile kila siku, na limeandikwa. Saa yetu ilikosa kwa dakika nne, nasi tukaapa kwa unyoofu wake kwa kuwa hatukuipima.

Fundi alikaa nayo wiki mbili. Aliisafisha, akaitia mafuta mapya, kwani mafuta ya zamani hukauka na kuwa kama gundi. Sasa inachelewa sekunde tano kwa siku, yaani mapigo 25 kati ya 432,000. Kwa kweli saa ya betri ya bei nafuu huishinda, na binti yetu hakukosea kuitaja simu. Hata hivyo yeye ndiye aliyeomba kuitunza. Kila asubuhi huitia ufunguo kwa wakati mmoja, huilinganisha na redio, na huandika tofauti katika daftari.

Mwenye saa ya mzee wake nyumbani, basi asiibandue kwa kisu wala asiitie mafuta ya kupikia. Aiepushe na spika, na simu, na mikoba yenye vifungo vya sumaku. Ampelekee fundi ajuaye, kisha aipime kwa siku saba kabla ya kuitegemea.

Ile siku moja tulikwisha ilipa sote, watoto na wakubwa, katika mwezi wa Shawwal. Jioni yake binti alikuja na saa mkono mmoja na daftari mkono wa pili, akaongeza sekunde tano, akatutazama, kisha akasema, "Bado, Baba." Tukangoja.