Taa za Volti 12 Uchochoroni: Waya Kwanza, Taa Baadaye

Nyumba nyingi za Goba, Tegeta au Kigamboni zina sehemu moja ambayo mchora ramani hakuiwazia kitu: ule uchochoro wa kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa uzio. Ndimo zinamokaa chemba za maji machafu, mtungi wa gesi, bomba la kupandishia maji kwenye tangi, na mashine ya kiyoyozi inayodondosha maji kutwa nzima. Na ndiyo njia ya kutoka getini hadi mlango wa jikoni. Jua likishazama, mwanga wa barazani haufiki huko, na anayepita hupapasa ukuta.

Dawa iliyozoeleka ni kupachika taa kubwa ya LED ya wati 50 juu kwenye kona ya paa. Mimi siishauri. Jicho hujirekebisha kufuata mwanga mkali kuliko yote linaouona, kwa hiyo taa ile ikishawaka, kivuli kilicho nyuma ya mtungi wa gesi huzidi kuwa cheusi. Mfuniko wa chemba uliokaa upande hauonekani, nyoka haonekani, na jirani analala na mwanga wako chumbani mwake. Taa ndogo za wati 3 au 4, zilizowekwa chini ya kimo cha goti na kufunikwa juu ili mwanga uangukie miguuni, zinamfaa mpita njia kuliko hiyo kubwa.

Taa hizo ndogo zinafaa ziwe za volti 12. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, na ukiupitisha kwenye kebo iliyo karibu na ardhi yenye maji, jembe moja la mtunza bustani linatosha kuleta msiba. Transfoma ya usalama hutenganisha kabisa upande wa 230 na upande wa 12, hata kebo ikikatwa, atakayeishika hatarushwa na umeme. Hakikisha tu ni transfoma yenye utengano wa kweli: nyingi huonyesha alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, kuwa zina insulesheni maradufu, na maandishi yake husema ni ya usalama au SELV.

Volti 12 zina gharama yake, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Wati zilezile zikipita kwa volti chache, ampea huongezeka. Taa sita za wati 4 ni wati 24. Kwa volti 230 hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya ampea. Kwa volti 12 ni ampea 2 kamili. Hasara ya njiani haiongezeki mara kumi na tisa kama ampea zenyewe, huongezeka kwa mraba wake: kwenye waya uleule, sehemu ya umeme inayopotea ni zaidi ya mara 360.

Tuchukue uchochoro wa mita 25, transfoma iko getini, taa sita zimepangwa kwa nafasi sawa. Fundi akitumia waya mwembamba wa spika, wa milimita 0.5 za mraba, taa ya mwisho itapungukiwa na zaidi ya volti 2. Taa nyingi za bei nafuu zitafifia hapo, na zenye saketi ya kielektroniki huenda zikametameta. Akitumia kebo ya milimita 1.5, upungufu ni kama volti 0.7. Sasa iache kebo hiyohiyo, lakini iunganishe transfoma katikati ya njia, taa tatu zielekee kila upande: upungufu unashuka hadi kama volti 0.2. Hakuna shaba iliyoongezwa, ni mahali pa kuanzia tu palipobadilika. Ndiyo maana nasema mahali pa transfoma paamuliwe kabla hata ya kwenda Kariakoo kuangalia taa. Mara nyingi ukuta wa stoo au wa jiko upo karibu na katikati ya uchochoro, na umeme tayari upo ndani yake.

Nguvu ya transfoma isilingane kabisa na mzigo. Kwa wati 24 chukua ya 40, ili isichemke na ibaki nafasi ya taa mbili za baadaye. Usirithi ile ya kielektroniki iliyokuwa ikiwasha balbu za halojeni darini: nyingi zinahitaji mzigo wa angalau wati 20 hivi ndipo zifanye kazi sawasawa, na taa chache za LED hazifikishi. Angalia pia kama taa zako zinataka AC au DC, imeandikwa ubavuni.

Mahali pa kila taa patafutwe usiku. Zima taa zote, shika tochi chini karibu na ukuta, mwenzako atembee na kukuambia anapoona na asipoona. Weka alama ya chaki kwenye ngazi, kwenye kona, na penye chemba; hizo ni taa za lazima. Mianya iliyobaki ijazwe kwa kila mita 3 au 4. Rangi ya mwanga iwe ya manjano, kelvini 2,700 hadi 3,000, maana nyeupe yenye ubuluu huvuta wadudu zaidi. Na kwa wenye nyumba kando ya fukwe wanakotaga kasa, kama Watamu au Mafia, taa isionekane kabisa kutoka ufukweni: vitoto vya kasa vikitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga, na taa ya bustani huvipoteza njia ya baharini.

Adui mkubwa wa pwani ni chumvi na maji kwenye maungio. Fungua ungio lililozungushiwa tepu nyeusi baada ya masika mbili na utakuta nyuzi za shaba zimegeuka unga wa kijani, hasa upande wa chanya, kwa sababu umeme wa DC ukikutana na unyevu huila shaba ya upande huo. Tepu haizuii maji. Tumia viungio vilivyojazwa jeli, au kiboksi cha IP67, na kebo ipite ndani ya paipu ili jua lisiipasue. Taa zenyewe ziwe IP65 kwenda juu, za shaba nyeusi au plastiki nzuri. Alumini nyembamba iliyopakwa rangi haidumu karibu na bahari.

Volti 12 hazirushi mtu, lakini zinaweza kuunguza nyumba. Fyuzi iwepo upande wa 12 pia, hasa kwa wenye sola, kwa kuwa betri ikipigwa shoti humwaga ampea nyingi mno. Upande wa 230 uwe na kikata umeme cha kuvuja cha miliampea 30, na kwa Tanzania aufanye fundi mwenye leseni ya EWURA.

Matumizi hayatishi. Wati 24 zikiwaka saa 12 kila usiku ni kama theluthi ya uniti moja kwenye LUKU.

Fundi akija, muulize mawili kabla ya kuzungumzia bei: kebo ni ya milimita ngapi, na transfoma itakaa wapi? Akiishia kukuonyesha picha za taa kwenye simu, mshukuru, kisha tafuta mwingine.