Fo-wili isiyovuta mbele: Pima kwanza, nunua spea baadaye

KWA mkulima wa Mgeta katika milima ya Uluguru, au mfanyabiashara anayeshusha kabichi na karoti kutoka Lushoto, gari la fo-wili si anasa. Ni nyenzo ya kazi kama lilivyo jembe. Masika yanapoingia, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za udongo za milimani huteleza, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake hukwama na mzigo wake.

Tatizo ni kwamba mengi ya magari hayo ni ya zamani. Zipo Toyota Land Cruiser za aina ya 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984, zipo Hilux na Nissan Patrol za miaka mingi. Dereva huweka gia ya fo-wili, taa ikawaka, lakini akiingia kwenye matope magurudumu ya mbele hayasaidii lolote. Akifika gereji huambiwa "difu imekufa", na kabla kasoro haijajulikana ilipo, fedha za spea zimeshatoka.

Tuchukue mfano. Gari limebeba matenga 40 ya nyanya na limekwama usiku mzima. Likifika sokoni siku ya pili, bei ya kila tenga imeshuka kwa Sh5,000 kwa sababu nyanya zimelainika. Hiyo ni hasara ya Sh200,000. Ongeza Sh50,000 za trekta la kukwamua, unapata Sh250,000 kwa safari moja. Kila mwenye gari aweke takwimu zake mwenyewe, lakini aina ya hesabu ndiyo hiyo.

Nguvu hupita milango mitatu

Katika magari ya aina hii, nguvu ya injini hufika magurudumu ya mbele kwa kupita milango mitatu. Wa kwanza ni gia boksi ndogo, ambayo huunganisha propela ya mbele pale unapoweka gia kwenye H4 au L4. Wa pili ni difu ya mbele, inayogawa mzunguko kulia na kushoto. Wa tatu ni habu, zile zilizo katikati ya gurudumu zenye maandishi FREE na LOCK. Habu ikiwa FREE, gurudumu huzunguka peke yake bila kushikana na shafti.

Taa ya fo-wili katika magari mengi hueleza habari za mlango wa kwanza tu. Ndiyo maana inaweza kuwaka huku magurudumu ya mbele yamelala.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba habu moja ikifa, magurudumu yote mawili ya mbele hupoteza nguvu. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Upande ambao habu haishiki ndio mwepesi kuliko wote, hivyo shafti yake huzunguka bure na gurudumu la upande mzima halipati kitu. Kasoro ya habu moja huonekana kama kifo cha difu nzima.

Kipimo cha jeki

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Hakikisha gari lipo kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare. Funga habu zote mbili kwenye LOCK, weka H4, kisha sogeza gari mita chache ili meno ya gia yashikane. Zima injini, toa ufunguo, vuta handibreki na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua magurudumu yote mawili ya mbele na uyaweke juu ya stendi imara. Usitegemee jeki peke yake.

Sasa zungusha gurudumu moja la mbele kwa mkono, na mwenzako aangalie propela ya mbele akiwa pembeni, si chini ya gari.

Gurudumu la pili likizunguka kinyume na propela ikatulia, habu zote mbili na shafti vinashika. Kama gari bado halipandi, angalia matairi kwanza, maana tairi lililoisha halina msaada kwenye utelezi.

Propela ikizunguka, gia boksi ndogo haijaunganisha. Anza na vyuma vinavyotoka kwenye gia hadi kwenye boksi: pini zilizolika au bushi zilizoisha huifanya gia isifike mwisho wa safari yake. Usikubali boksi lishushwe kabla hayo hayajakaguliwa.

Propela ikitulia lakini gurudumu la pili nalo likatulia, kasoro ipo kwenye habu au shafti. Rudisha habu moja moja kwenye FREE kisha LOCK huku ukizungusha gurudumu lake. Ile isiyoonyesha tofauti yoyote ya uzito ndiyo ya kufunguliwa kwanza.

Mara nyingi habu haijavunjika. Imejaa grisi iliyoganda, maji na tope. Fundi akiifungua, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akapaka mafuta kidogo na kuweka gasketi mpya, huweza kurudi kazini. Asiijaze grisi nzito ya beringi, kwa kuwa ndiyo inayozuia vipande vyake visiteleze.

Magari yasiyo na habu za mkono

Baadhi ya magari huunganisha mbele kwa nguvu ya kufyonza hewa, ambayo mafundi huiita vakyumu. Hapa mshukiwa wa kwanza ni vipira vya hewa vilivyopasuka kwa joto na uzee. Katika injini za dizeli hewa hiyo hufyonzwa na pampu, na pampu hiyohiyo husaidia breki. Kwa hiyo, kama fo-wili haishiki na pedeli ya breki nayo imekuwa ngumu, kagua pampu mara moja. Hapo si suala la mzigo tena, ni suala la uhai.

Tahadhari kwa mnunuzi

Anayenunua gari la mtumba asiridhike na dalali anayemwonyesha taa ikiwaka. Aombe kipimo cha jeki kabla ya kulipa. Vilevile, anayebadilisha difu ya mbele au ya nyuma kwa spea za mtumba ahakikishe hesabu ya meno ya difu zote mbili inalingana. Zikitofautiana, gari litakwenda vizuri kwenye gia ya kawaida, lakini siku litakapowekwa fo-wili mbele na nyuma vitavutana hadi kimoja kivunjike. Matairi ya ukubwa tofauti mbele na nyuma nayo huleta mvutano huo.

Kwa sababu hiyohiyo, usiendeshe fo-wili kwenye lami kavu. Gia ikikataa kutoka baada ya kufanya hivyo, rudisha gari nyuma mita chache bila kukata kona, mvutano utalegea.

Walau mara moja kwa mwezi, hata kiangazi, funga habu na uendeshe kilomita chache kwenye barabara ya vumbi ili mafuta yazunguke. Kipimo cha jeki kifanywe Januari au Februari, wakati bado kuna muda wa kutafuta spea kwa bei ya kuelewana. Anayesubiri hadi gari likwame Aprili atanunua kwa bei ya mwenye shida, na nyanya zake hazitamsubiri.