Inawaka kiki moja, ukaguzi inafeli: kinachoziangusha bodaboda za Simiyu

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda Bariadi mjini, uliza pikipiki ipi ni ngumu. Hutamaliza dakika moja kabla ubishi haujaanza. Kuna wa Boxer, kuna wa TVS, kuna wa Honda, na hakosi mmoja atakayeapa kuwa SanLG yake ya miaka yote hiyo haijawahi kufunguliwa injini.

Ubishi wote huo ni wa injini. Ipi inakula mafuta kidogo, ipi hainoki, spea za ipi unazipata hata ukiwa Mwanhuzi au Nyashimo.

Askari wa kukagua vyombo akifika, hayo hayamhusu sana. Anaanza na taa. Anakanyaga breki, anatazama kama taa nyekundu ya nyuma imewaka. Anabonyeza honi, anapima indiketa kulia na kushoto, anashika tairi, anatikisa usukani. Hapo ndipo pikipiki iliyosifiwa kijiweni kuwa "chuma" inaanza kuumbuka.

Na si Simiyu peke yake. Uingereza pikipiki ikishatimiza miaka 3 hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima kila mwaka, na huko pia taa na ishara ndizo zinazoongoza kwa kufelisha. Tofauti ni kwamba mwenye pikipiki kule huwa anaitembelea wikiendi. Wa Bariadi anaitembelea kutoka alfajiri mpaka usiku.

Kwa nini taa?

Pikipiki nyingi ndogo za hapa, zile za injini ya CC 100 hadi 150, zimefungwa umeme kwa njia mbili. Cheche ya plagi, na kwa nyingi taa kubwa ya mbele pia, vinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Ndiyo maana ukipunguza mafuta taa inafifia, ukivuta inang'aa. Honi, indiketa na taa ya breki vinategemea betri.

Sasa betri ikifa, nini kinatokea? Karibu hakuna. Starta ya kubonyeza itagoma, lakini dereva anapiga kiki, injini inawaka kama kawaida, anaondoka. Anaweza kumaliza miezi bila honi, bila indiketa, bila taa ya breki, na pikipiki haijamsumbua hata siku moja. Haoni sababu ya kununua betri. Anayeliona tatizo ni aliye nyuma yake, na analiona wakati amechelewa.

Betri yenyewe mara nyingi haifi kwa uzee. Inauliwa na zile taa za urembo, zile za bluu na za kumetameta, pamoja na redio, vilivyounganishwa waya juu ya waya bila fyuzi. Chaji ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Usiku kwenye barabara ya Lamadi hadi Bariadi hilo si jambo dogo. Lami imenyooka, magari yanakimbia, na mbele kunaweza kuwa na ng'ombe wanavuka au mkokoteni usio na taa wala kiakisi mwanga. Dereva wa boda anashika breki ghafla. Lori la nyuma halina kitu cha kuliambia kwamba mtu wa mbele anasimama.

Kuna na hili la taa ya mbele kuangalia juu. Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida Mei, pikipiki zinageuka kuwa maroli madogo. Furushi linafungwa nyuma, shokapu za nyuma zinazama, pua inainuka. Taa inayomulika barabara vizuri dereva akiwa peke yake sasa inampiga machoni anayekuja, huku dereva mwenyewe haoni shimo lililo mita chache mbele.

Breki ambayo haitumiki

Ukaguzi wa breki unafichua tabia moja ya ajabu. Breki ya nyuma imeliwa hadi mwisho, breki ya mbele ni mpya kabisa kwa sababu haiguswi. Wengine wameilegeza nyaya makusudi, wakiamini breki ya mbele ndiyo inayomrusha mtu.

Ukweli uko upande wa pili. Pikipiki inaposimama, uzito mwingi unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kuisimamisha. La nyuma linabaki jepesi na linateleza upesi. Ni kweli kwamba kwenye changarawe na vumbi la njia za Itilima na Meatu, kuibana ya mbele kwa ghafla ni kujitafutia kuanguka. Lakini kuibana taratibu ni jambo jingine, na kutokuwa nayo kabisa ukirudi kwenye lami ni jambo baya zaidi.

Breki nyingi za hapa ni za ngoma, zile zenye shuu mbili ndani. Vumbi linaingia, matope ya mbugani yanaingia, maji yanaingia. Ukivuka mto au dimbwi kubwa, shuu zilizolowa zinateleza kwa muda, na dereva mwenye uzoefu hushika breki kidogokidogo akiwa anatembea taratibu ili zikauke. Shuu zikiisha, dalili ipo nje kabisa. Kila wiki unakaza nati ya breki, kila wiki inabaki uzi mfupi zaidi. Baadhi ya pikipiki zina mshale mdogo kwenye kifuniko cha ngoma, na ukifika alama ya mwisho, hakuna tena cha kukaza, ni kubadilisha.

Tairi linatoka na mazingira. Mtu wa Simiyu anaishi na aina mbili za barabara kwa siku moja. Lami ya Maswa, Bariadi na Lamadi inalila tairi la nyuma katikati mpaka linakuwa bapa kama limepigwa pasi. Akiacha lami anakutana na kokoto na miiba ya migunga, na tairi lililokwisha halina nyama ya kuzuia mwiba. Tyubu inazibwa, inazibwa tena juu ya kiraka. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, na kashata za tairi zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha hata kama bado "linaonekana lina maua" pembeni.

Vingine ni vya kupita haraka. Vioo vya pembeni vimetolewa kwa sababu ya fasheni, au vipo lakini vimegeuzwa kumtazama dereva usoni. Namba ya pikipiki imekunjwa. Ekzosi imetobolewa ili ilie. Haya hayahitaji fundi, yanahitaji mwenye pikipiki kuamua.

Cheni nayo ina kisa chake. Kava lake linatolewa ili iwe rahisi kukaza, kisha inapakwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Oili hiyo ikichanganyika na vumbi la kiangazi inakuwa msasa, cheni na spoketi zinasagana, meno yanachongoka. Cheni inayokatika kwenye mwendo inaweza kujizungusha kwenye tairi la nyuma na kulifunga. Mafundi hupima kwa kidole chini katikati ya cheni, ambapo mchezo wa sentimita 2 hadi 3 ndio kawaida kwa pikipiki nyingi za aina hii. Ikining'inia zaidi, ikazwe. Ikibana kabisa nayo si sawa, maana itakatika ukipanda mzigo.

Sehemu ambayo wengi hawaijui kabisa ni beringi za usukani na za magurudumu. Hazipigi kelele mapema. Mkaguzi anainua gurudumu la mbele, anazishika shokapu kwa chini na kuzivuta mbele na nyuma. Zikicheza na kutoa mlio wa "kop", beringi zimekwisha. Kwa gurudumu, anatikisa kushoto na kulia. Kwa spoku, anagonga moja moja kwa spana, na iliyolegea inatoa sauti ya bubu wakati wenzake wanalia. Mambo hayo yote yanaweza kufanyika kijiweni bila kifaa cha maana.

Nani alipe?

Hapa ndipo mada inapokuwa ngumu kuliko ufundi. Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo wa hesabu, wanaompelekea bosi kiasi fulani kila siku. Wapo wa mkataba, wanaolipa mpaka pikipiki iwe yao. Wa mkataba kwa kawaida anabeba matengenezo yote mwenyewe. Wa hesabu anabeba madogo, makubwa ni ya bosi, na kati ya dogo na kubwa kuna nafasi pana ya kutupiana mpira. Tairi ni dogo au kubwa? Betri je?

Matokeo yake yanaonekana kwenye mpangilio wa matumizi. Kitu kinachozuia pikipiki kutembea kinatengenezwa leo hii, kwa sababu bila hicho hakuna hesabu. Kitu kinachozuia pikipiki kusimama kinasubiri.

Faini ya papo hapo kwa bodaboda na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa katika bajeti ya mwaka 2021/22. Ni nafuu kwa dereva, lakini hata hiyo 10,000 moja inazidi kwa mbali bei ya balbu ya taa ya nyuma. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwangalii dereva peke yake. Mwenye chombo naye anahusika na ubovu wake.

Kisha kuna suala la muda. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika, ukaguzi unafanyika na stika zinabandikwa, na wengi huona kazi imeisha hadi mwaka mwingine. Piga hesabu. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, imetembea kilomita 30,000. Ile ya Uingereza ya wikiendi mara nyingi haifiki hata 10,000. Stika ya mwaka mmoja kwenye boda ya Bariadi inafunika safari ambazo pikipiki ya kule ingezimaliza kwa miaka 3 au zaidi, na shuu za breki hazisomi kalenda, zinasoma kilomita.

Baadhi ya vijiwe vina utaratibu wa kuchangiana mtu akipata ajali au msiba. Fedha kama hiyo ikielekezwa pia kwenye seti moja ya shuu, balbu kadhaa na nyaya za breki za kukaa kijiweni, dereva anaweza kufunga kifaa asubuhi na kukilipia jioni akimaliza hesabu. Kwa waliopo kwenye mkataba, muda mzuri wa kukubaliana nani ananunua tairi na betri ni kabla ya kusaini, wakati bosi bado anamtafuta dereva na pikipiki bado ina harufu ya dukani.